Oili Husema Kabla Injini Haijagonga: Jinsi ya Kusoma Chembe za Vyuma Kwenye Mashine Yako

Lori lilikuwa linabeba mawe ya marumaru kutoka Moroto kwenda Tororo, na dereva wake hakuwa na lalamiko hata moja. "Fundi, gari inavuta vizuri, haina moshi, haina mlio. Sasa unatafuta nini humo ndani?" Mkononi nilikuwa na kichupa cha oili nyeusi, kiasi cha nusu kikombe cha chai. Karatasi ya maabara iliporudi, chuma kilikuwa kimepita mara mbili ya kawaida yake, na silikoni mara nne. Nitamalizia na lori hilo. Kabla ya hapo kuna mengi ya kujua, na sehemu kubwa haihitaji maabara.

Vyuma viwili vikisuguana huachia chembe, hata oili ikiwa bora namna gani. Chembe hizo hazina pa kwenda isipokuwa ndani ya oili, kwa hiyo oili inageuka shahidi: inajua ni sehemu gani inalika, kwa kasi gani, na mara nyingi kwa sababu gani. Sauti ya kugonga huja mwishoni kabisa, wakati beringi imeshamaliza ngozi yake. Kusikiliza injini ni ufundi mzuri, lakini ni ufundi wa kuthibitisha msiba.

Wazo hili lilianza kwenye reli, si kwenye ndege kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1946 reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani ilianza kupima kwa spektromita, kifaa kinachotambua vyuma kwa mwanga wake, oili ya injini zake za dizeli. Jeshi la majini la nchi hiyo likalichukua kwa ajili ya ndege zake katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Vernon Westcott akabuni ferografia, yaani kunasa chembe kwa sumaku juu ya kioo ili zitazamwe kwa hadubini.

Mikroni, kwa mfano wa kavera

Utakutana na neno mikroni kila mahali. Ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapa Uganda tuna kipimo cha nyumbani: kavera (mfuko wa plastiki) iliyopigwa marufuku mwaka 2009 ni ile yenye unene chini ya mikroni 30. Macho ya mtu mwenye afya hushindwa kuona punje iliyo peke yake ikiwa chini ya mikroni 40 hivi. Sasa, pengo linalojazwa na oili kati ya krenki na beringi yake injini ikiwa kazini ni mikroni chache tu, na vumbi linaloua injini zaidi ni la mikroni 5 hadi 20. Kwa maneno mengine, kinachokuharibia mashine hukioni. Ukianza kukiona kwa macho kwenye kiganja, umechelewa kidogo, ingawa si lazima uwe umechelewa kabisa.

Vifaa vya kuanzia

Sumaku yenye nguvu. Iliyotoka kwenye spika mbovu inatosha, ya diski ya kompyuta iliyokufa ni bora zaidi. Lenzi ya kukuzia mara 10 au 20, kama ile ya fundi saa. Sahani nyeupe ya udongo. Mafuta ya taa masafi yaliyochujwa. Karatasi nyeupe ya kuchujia kahawa. Bomba kubwa la sindano au pampu ndogo ya kufyonza, pamoja na mpira mwembamba unaoweza kupita kwenye tundu la kijiti cha oili. Vichupa vya plastiki vya mililita 100 au 120 vyenye vifuniko, vipya. Daftari.

Hapo kwenye vichupa sitanii. Nimeona mtu akileta sampuli kwenye chupa ya soda iliyosuuzwa, na mwingine kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Maabara itapima sukari, maji na vumbi la chupa, kisha wewe utafungua injini ya watu.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Niliwahi kumfungulisha tajiri mmoja jenereta nzima bila sababu, na kosa lilikuwa langu. Ilikuwa imelala usiku kucha, mimi nikalegeza nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) nikakinga yale ya kwanza yaliyotoka. Yale ya kwanza ndiyo takataka ya miezi: uchafu wote uliotulia chini. Ripoti ilirudi na namba za kutisha, tukashusha sampo, tukatoa beringi, zikang'aa kama zimetoka dukani. Nililipa gasketi mwenyewe. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu ufuatao bila kuuruka:

1. Mashine ifanye kazi mpaka ipate joto lake la kawaida. Kama unavuta kwa mpira kupitia tundu la kijiti, izime kwanza, kisha chukua sampuli ndani ya dakika 15 baada ya kuzima, chembe zikiwa bado zinaelea.

2. Kata mpira mpya. Upime kando ya kijiti cha oili na utie alama, ili ncha yake iishie katikati ya oili na isiguse sakafu ya sampo. Mpira ni wa sampuli moja tu. Hauhami kutoka injini moja kwenda nyingine.

3. Futa eneo lote kabla ya kufungua kitu. Usifungue kifuniko cha kichupa mapema, na usikiweke kichwa chini kwenye benchi lenye vumbi.

4. Kama mashine ina bomba dogo la sampuli kabla ya filta, hilo ndilo bora kuliko yote. Injini ikinguruma polepole, achia kwanza oili iliyolala ndani ya bomba imwagike kwenye chombo kingine, ndipo ukinge. Usichukue baada ya filta, maana filta imekwisha kula ushahidi.

5. Ukilazimika kutumia nati ya sampo, acha karibu theluthi ya oili itoke kwanza, kisha kinga katikati ya mtiririko.

6. Jaza robo tatu, si pomoni. Maabara inahitaji nafasi ya kukitikisa kichupa.

7. Andika hapohapo, si jioni: mashine gani, saa au kilomita za mashine, saa au kilomita za oili yenyewe, aina na namba ya oili, lita zilizoongezwa tangu imwagwe, na lini filta ilibadilishwa.

Sampuli zote za mashine moja zichukuliwe mahali palepale kwa njia ileile. Leo nati, kesho mpira, kesho kutwa filta: utakuwa na namba tatu zisizojuana.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulidharau: kila ukifungua pipa jipya la oili, weka pembeni kichupa kimoja cha oili hiyo mpya. Oili bandia si habari ngeni kwetu. Ukiwa na sampuli ya oili mpya, maabara itakuonyesha kiasi cha zinki, fosforasi na kalisiamu kilichowekwa kiwandani, nawe utajua kama pipa ulilouziwa lina kilichoandikwa nje. Na hata oili halali si lazima iwe safi. Pipa lililokaa nje kwenye mvua na jua huvuta unyevu kupitia vifuniko vyake.

Vipimo vya gereji

Filta kwanza. Kama ungeniruhusu kipimo kimoja tu, ningechagua kukata filta kila inapobadilishwa. Usiikate kwa msumeno, maana msumeno humwaga unga wa chuma kipya na utajitisha bure. Tumia kikatio cha filta kinachozunguka kama cha kufungulia makopo. Toa karatasi ya ndani, ikate kwa kisu kikali, ibane kati ya vipande viwili vya ubao kwenye jiliwa mpaka oili itoke, kisha ifungue mkunjo kwa mkunjo juani. Tazama upande wa nje wa mikunjo, kwa kuwa katika filta nyingi za kufunga kwa kuzungusha oili huingia kutoka nje kwenda ndani. Geuzageuza karatasi: chembe za chuma zitametameta.

Kisha suuza mikunjo michache kwenye mafuta ya taa ndani ya sahani nyeupe. Valisha sumaku kipande cha kavera na uipitishe taratibu. Kinachoshika ni chuma au chuma cha pua cha aina fulani. Ukiivua kavera, chembe zinaanguka mahali unapotaka. Usipoivalisha, utazichokonoa kwenye sumaku hadi kesho. Kinachobaki kwenye sahani ndicho cha kufikiria. Chenye rangi ya njano au nyekundu ni shaba, kutoka bushi au beringi. Chenye rangi ya fedha kinaweza kuwa alumini ya pistoni au ile ngozi laini ya beringi iliyo na risasi na bati, na hapo watu hubishana hadi jioni.

Ubishi huo una dawa. Gusa punje kwa chuma cha kulehemu kilichopata moto na kupakwa lehemu: ngozi ya beringi itayeyuka na kuungana na lehemu, alumini haitajali. Au dondoshea punje maji ya koostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni: alumini hutoa povu na kuyeyuka, risasi na bati havifanyi hivyo. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, na usiache chombo hicho karibu na watoto. Koostiki haina msamaha kwenye jicho.

Maji. Weka kikaango chepesi juu ya sigiri mpaka kipate joto la kama nyuzi 150, mbali kabisa na petroli. Dondosha tone moja la oili. Ikitulia na kutandaa, haina maji ya kukutia hofu. Ikipasukapasuka kama vitunguu kwenye mafuta, kuna maji, na hata sehemu moja katika elfu moja hutosha kutoa mlio huo. Simama kando, tone hurusha.

Tone kwenye karatasi. Dondosha tone la oili ya injini kwenye karatasi ya kuchujia, iache kwa saa kadhaa ikiwa imelala sawasawa. Doa lililosambaa kwa rangi inayofifia polepole ni zuri, hata likiwa jeusi. Dizeli lazima iwe na masizi. Kiini cheusi kilichokaza katikati chenye ukingo mkali maana yake oili imeshindwa kuyabeba masizi, na muda wake umeisha. Duara jepesi lenye harufu ya dizeli upande wa nje linakushauri ukague nozeli na pampu ya dizeli. Kama kipimo cha kijiti kinapanda badala ya kushuka, usisherehekee: kuna kitu kinaingia kwenye oili.

Sura za chembe

Ukiwa na lenzi, au ukipata hadubini ya shule jirani, sura ya chembe inasema zaidi ya wingi wake. Mashine yenye afya hutoa magamba madogo bapa, laini, yasiyozidi mikroni 15 hivi, kama magamba ya mukene (dagaa) yaliyosagwa. Hayo ni ya kila siku.

Vijiti vilivyojikunja kama mabaki ya mashine ya kuchonga ni habari nyingine kabisa: kitu kigumu kinakata kitu laini. Mara nyingi mchanga umejichimbia kwenye ngozi ya beringi na sasa unaikwangua krenki. Kwenye barabara zetu za maramu, sura hiyo nimeiona kuliko zote. Vipande bapa vinavyong'aa, vyenye kingo zilizochanika, hutoka kwenye beringi za gololi au meno ya gia yaliyochoka. Chuma kimepata nyufa chini ya ngozi na sasa kinabanduka. Vipande vikubwa vyenye mistari inayoelekea upande mmoja ni vya vyuma viwili vilivyogusana bila oili kati yao. Vumbi jekundu la kutu linasema maji. Chembe nyeusi za chuma kilichoungua husema oili haikufika au joto lilizidi.

Vipira vidogo vya mviringo huweza kutangulia kuchoka kwa beringi, lakini pia hutoka kwenye cheche za kuchomelea. Uliza kama kuna mtu alichomelea karibu kabla hujatoa hukumu.

Wataalamu wa ferografia wana hila moja ninayoipenda: hupasha kioo chenye chembe hadi nyuzi 330. Chuma cha aloi ndogo, kama cha krenki na gia, kinageuka bluu. Chuma cha kalibu, kama cha silinda nyingi, kinageuka rangi ya majani makavu. Kwa rangi mbili wanajua chembe imetoka wapi.

Karatasi ya maabara

Mawakala wa mitambo mikubwa na wauzaji wa oili wenye jina huwa wanapokea sampuli au wanajua pa kuzipeleka. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: majibu yanachukua siku ngapi, vipimo gani vimo kwenye bei, na kama watakupa namba zenyewe au watakuandikia "kawaida" peke yake. Neno "kawaida" bila namba halina faida kwako. Majibu ya baada ya mwezi pia hayana.

Namba za vyuma huja kama sehemu katika milioni. Chuma 20 maana yake katika kilo 1,000 za oili kuna gramu 20 za chuma. Fe ni chuma: silinda, krenki, gia. Cr ni kromi, mara nyingi kutoka kwenye ringi za pistoni. Al ni alumini, pistoni kwa kawaida. Cu ni shaba, Pb risasi, Sn bati. Hawa watatu wakipanda pamoja, beringi zinaliwa. Si ni silikoni, nayo ndiyo jina la kitaalamu la mchanga na vumbi katika kurasa hizi. Na na K, yaani sodiamu na potasiamu, ni alama ya kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa.

Sasa mitego, na hii ndiyo sehemu ambayo karatasi haikwambii.

Silikoni ikipanda peke yake baada ya injini kufungwa upya, usikimbilie kulaumu filta ya hewa. Mafundi wetu hupaka ile gundi ya silikoni kwenye kila gasketi kama wanapaka siagi, na sehemu yake huingia kwenye oili. Vumbi la kweli huja na alumini yake, kwa kuwa udongo una vyote viwili, na kwa kawaida silikoni huizidi alumini mara mbili au zaidi. Udongo wetu mwekundu una nyongeza: wekundu wake ni kutu ya chuma, na una alumini nyingi. Kwa hiyo sehemu ndogo ya chuma na alumini unavyoviona vinaweza kuwa vya barabarani, havikutoka kwenye silinda. Angalia kromi. Barabara haina kromi ya kukupa kiasi hicho. Ikipanda pamoja na silikoni, ringi zinasagwa.

Shaba ikiwa juu kwenye injini mpya au iliyobadilishwa kipoza oili, subiri. Oili hula shaba ya kipoza kikemikali kwa muda kisha inatulia, bila beringi yoyote kuguswa. Ikipanda ikiwa na risasi, usisubiri.

Halafu kuna rejeta. Maabara hutegemea sodiamu na potasiamu kugundua gasketi ya hedi inayovuja, kwa sababu injini yenye joto hukausha maji na kuacha chumvi za kulanti. Lakini magari mengi hapa yanatembea na maji ya bomba matupu, ambayo hayana chumvi hizo za kutosha. Karatasi itakuja safi huku maji yanaingia. Kama unatumia maji matupu, tegemea kikaango, kutu kwenye filta, na rejeta inayopungua bila kumwaga chini.

Mtego mkubwa kuliko yote: spektromita za kawaida huanza kupofuka chembe ikizidi mikroni 5 hadi 10. Beringi inayobanduka vipande vikubwa inaweza kuonyesha chuma cha chini kabisa. Ndiyo maana uombe pia kipimo cha PQ, kinachohesabu chuma chote chenye sumaku bila kujali ukubwa. Chuma kikiwa kimetulia na PQ imeruka, kuna vipande vikubwa vinaogelea, nawe kata filta siku hiyohiyo. Hapo unaona kwa nini filta na maabara haziwezi kuachana: maabara inaona vidogo, filta inaona vikubwa.

Daftari, na hesabu mbili ndogo

Watu huniuliza, "Chuma ngapi ni hatari?" Siwezi kujibu bila kuijua mashine. Injini moja inaishi maisha yake yote na 35, nyingine ikifika 35 inaomba msaada. Mtengenezaji akitoa mipaka, ifuate. Lakini kipimo cha kweli ni mashine yako dhidi ya jana yake. Sampuli tatu za mwanzo hazitoi hukumu, zinajenga mazoea. Kuanzia ya nne ndipo unaanza kuongea. Kwa jenereta na mashine za kusaga kama zile za Kisenyi, Kampala, mimi huchukua kila saa 250, au kila oili inapomwagwa. Kwa gia boksi na haidroliki kila saa 500.

Hesabu ya kwanza ni ya muda. Chuma 30 baada ya saa 250 ni 12 kwa kila saa 100. Chuma 45 baada ya saa 500 ni 9 kwa kila saa 100. Namba ya pili ni kubwa kwenye karatasi lakini mashine inalika polepole zaidi. Andika zote mbili.

Ya pili ni ya oili iliyoongezwa. Sampo ni lita 20, na dereva ameongeza lita 5 njiani. Oili mpya imeyapunguza makali ya ile ya zamani, na iliyoungua imeondoka na chembe zake. Kwa makadirio, zidisha namba ya maabara kwa 25 kisha gawa kwa 20: 24 inakuwa 30. Dereva anayeongeza oili kimyakimya akihofia kugombezwa anakuharibia hesabu yote, kwa hiyo usimgombeze.

Gia, difu, haidroliki na boda

Kwenye gia boksi na difu chuma huwa juu kila wakati, hivyo usilinganishe na injini. Nati yenye sumaku inakwambia mengi: uji laini wa kijivu ni jasho la kazi, sindano na vipande vya jino ni maombi ya dharura. Haidroliki za ekskaveta na greda hazivumilii uchafu hata kidogo. Huko omba kipimo cha ISO 4406, kinachohesabu chembe za kuanzia mikroni 4, 6 na 14 na kukupa namba tatu kama 18/16/13. Kila namba ikipanda hatua moja, chembe zimekuwa karibu maradufu. Boda haihitaji maabara: oili yake haifiki lita mbili, bei ya kipimo inazidi bei ya oili. Sahani nyeupe na sumaku vinatosha.

Namba zikipanda

Usifungue injini kwa karatasi moja. Chukua sampuli ya pili ndani ya siku chache, kwa uangalifu ule ule. Ikikubaliana na ya kwanza, kata filta. Kisha fuata ushahidi kutoka nje kwenda ndani: njia ya hewa, rejeta, nozeli, presha ya oili, ndipo sampo. Risasi na bati vikipanda pamoja na presha ya oili kushuka, zima mashine. Hapo hakuna kusubiri sampuli ya tatu. Oili iliyotoka isimwagwe mferejini wala kwenye udongo, na usiipake mikononi kama wazee walivyofanya, kwa sababu oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi. Ikusanye kwenye pipa lenye mfuniko na uwape wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

Sasa lile lori la marumaru. Daftari lake, sampuli moja kila kilomita 10,000: chuma 18, 20, 19, halafu 44. Silikoni 6, 7, 6, halafu 24. Alumini 3, 3, 4, halafu 10. Kromi 1, 1, 1, halafu 4. Risasi na shaba havikusogea. Sampuli ya pili ilisema vilevile. Silikoni na alumini zilipanda pamoja, na kromi juu yake: vumbi linaingia kwa mdomo wa injini, si kupitia beringi, na linasaga ringi.

Filta ya hewa ilikuwa mpya, ndiyo maana kila mtu alikuwa ameridhika. Nikafuata bomba la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo (turbo, kisukuma hewa cha injini), nikapitisha kidole upande wa chini, chini ya klempu. Kidole kilirudi chekundu. Mpira ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umejificha mahali ambapo hakuna anayepafuta. Tabo ilikuwa inavuta hewa ya Karamoja bila kuchujwa, na filta mpya imekaa juu yake kama mlinzi anayelinda mlango huku ukuta una shimo.

Tukabadilisha bomba na klempu zake, tukamwaga oili, tukaweka filta mpya. Sampuli iliyofuata ilitoa chuma 28 na silikoni 9, kwa sababu oili ya zamani haitoki yote. Ile ya baada yake, 21 na 7. Ringi zilikuwa zimepoteza kitu, hakuna wa kuzirudishia, lakini injini bado haijafunguliwa. Dereva aliyeniuliza natafuta nini siku hizi hunipigia simu akiwa bado njiani, kabla hata ya salamu: "Fundi, silikoni ngapi?"